Ufagio wa Bahari Ndogo

Hapo zamani, na si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wameshajua kuifungia bahari ndani ya kompyuta, palikuwa na kituo kidogo cha utafiti kando ya Ghuba ya Makoche. Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Mwisho wa hadithi hii nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mkuu wa kituo hicho alikuwa Bi Ghanima, mama mnene mwenye sauti ya taratibu na miwani isiyokaa puani. Bi Ghanima alikuwa na bahari yake mwenyewe. Msicheke. Ilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye chumba chenye feni mbili, na wenyewe waliiita Bahari Ndogo. Ilikuwa na jua lake, upepo wake, mikondo yake, joto lake na chumvi yake. Ukitaka kujua bahari ya kweli itakuwaje wiki zijazo, unaipa Bahari Ndogo hali ya hewa inayotazamiwa, unaiacha iende yenyewe, kisha unakaa kuitazama. Aliijenga tangu ujana wake, kipande kwa kipande, mpaka akawa anajua tabia zake kuliko anavyojua tabia za wanawe.

Lakini kwenye bahari ya kweli hakuwahi kwenda mbali, hata mwamba wa nje hakuwahi kuuvuka. Meli ya utafiti ilipokuja mara ya kwanza alikuwa mjamzito. Ilipokuja tena alikuwa akimuuguza mama yake. Ilipokuja tena akaambiwa nafasi apewe kijana, akasema sawa, akaenda gatini kupunga mkono, akarudi nyumbani, akaingia jikoni akamenya vitunguu vingi kuliko mchuzi ulivyohitaji, ili mtu akimkuta analia asiulize. Hilo hakumwambia yeyote. Nyie nawaambia kwa sababu mtalihitaji huko mbele. Na sasa kustaafu kulikuwa kumekaribia, na meli haikuwa imekuja tena.

Chini yake walikuwapo vijana watatu: Raya, Shaame na Tausi.

Raya ndiye aliyekuwa na viumbe. Na viumbe wenyewe si papa wala nyangumi. Ni planktoni, yaani vijimea na vijidudu vinavyoelea, vidogo kiasi kwamba ukichota maji kwa kiganja umechota mji mzima na macho yako hayaoni kitu. Vijimea hula jua na rutuba ya maji. Vijidudu hula vijimea. Dagaa hula vijidudu. Na sisi tunakula dagaa, tunafuta midomo, tunasema bahari ni maji ya chumvi.

Kwa kuwa hakuna ajuaye kwa yakini kijimea gani kitapenda maji gani, Raya hakupanga. Alipiga kura. Kila aina aliipa tabia kwa bahati nasibu: hii ikue upesi, hii ipende baridi, hii ivumilie njaa, hii ikue chini kwenye mwanga hafifu. Kisha akazimwaga zote ndani ya Bahari Ndogo na kuiachia bahari ichague. Zinazofaa zikaongezeka, zisizofaa zikafifia. Mwenyewe alikuwa akisema kazi yake ni kualika tu, karamu ni ya bahari.

Katika waalikwa hao alikuwamo mmoja waliyempa jina la Mvivu. Kura ilimwangukia vibaya. Alikua polepole mno. Alipenda maji ya moto yaliyotulia kabisa, na Makoche upepo hauishi. Juu ya hayo yote alibeba sumu, isiyomdhuru chaza anayemla, ila humdhuru mtu anayemla chaza. Mwaka kwa mwaka Mvivu alikuwa pembeni, punje mbili tatu, hastawi na wala hafi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye fundo. Kila aina ya kijimea ni mzigo kwa kompyuta, na kompyuta ya kituo ilikuwa imechoka. Ukiijaza viumbe, hesabu ya wiki inakwenda mwezi. Kwa hiyo Bi Ghanima aliweka kanuni: kila Alhamisi, aina iliyopungua chini ya kiwango ifutwe, ila ile watakayokubaliana kuivumilia. Kazi hiyo waliiita kufagia. Vijana watatu walipokezana zamu, na ili zamu isigombaniwe, kituo kilikuwa na desturi yake. Palikuwa na ufagio wa chelewa, ufagio hasa wa kufagilia uani, uliokuwa ukitundikwa kwenye kiti cha mwenye zamu. Ukishaifagia bahari, unauchukua na kuutundika kwenye kiti cha mwenzako. Hakuna kuandikiana, hakuna kuulizana. Ufagio umehama, bahari imefagiwa.

Walikuwa na desturi nyingine, nayo ni sinia. Mchana wote wanne walikula barazani kwenye sinia moja, mkuu na vijana, mkono kwa mkono, na paka wa kituo aitwaye Sharubu akisubiri miiba. Hapo ndipo walipotaniana, hapo ndipo walipogombana kuhusu mikondo na pilipili, na hapo ndipo Bi Ghanima alipowapenda zaidi, ingawa hakuwa mtu wa kusema mambo hayo.

Alhamisi moja wakiwa kwenye sinia, Raya mwenyewe alisema, "Huyu Mvivu tumemvumilia vya kutosha. Afutwe." Bi Ghanima akasema afutwe. Tausi akasema afutwe. Shaame alikuwa na tonge mdomoni, akatikisa kichwa kukubali. Na ufagio ulikuwa kwenye kiti chake.

Shaame alikuwa kijana mzuri, fundi wa upepo na mikondo ya Bahari Ndogo, mwenye meno meupe na kicheko cha karibu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: harusi. Pwani nzima ya Makoche hakuna harusi iliyopigwa ngoma bila yeye. Alhamisi hiyo binamu yake alikuwa akioa upande wa pili wa ghuba, gari limeshajaa wapigaji, dereva yuko nje ya kituo anapiga honi bila huruma. Shaame akaitazama kompyuta. Kufagia kunataka kukaa, kupitia aina moja moja, kuhakikisha hufuti iliyo hai. Akautazama mlango. Akauchukua ufagio, akautundika kwenye kiti cha Tausi, akaondoka mbio huku akivaa kofia.

Hivyo ndivyo Mvivu alivyopona.

Wakati huo Bi Ghanima alikuwa ameshaipa Bahari Ndogo hali ya hewa ya msimu uliokuwa unaanza, na ilikuwa hali ngeni: joto kali, na upepo umelala siku nyingi. Kabla Alhamisi nyingine haijafika, hesabu zilipokaribia kwisha, akawaita vijana waje watazame. Mwanzoni bahari ilikuwa kijani kibichi na samawati kama kawaida. Kisha doa jekundu likatokea nje ya mwamba. Likakua. Likaingia ghubani likajinyoosha pwani nzima. Bi Ghanima akaiuliza kompyuta hii ni aina gani, na kompyuta ikajibu kuwa ni Mvivu.

Tausi alisema haiwezekani, Mvivu alifagiwa, yeye aliukuta ufagio kwenye kiti chake. Raya alisema ni kosa la programu. Shaame alikuwa anatazama dari. Bi Ghanima alikuwa amelea watoto, na alimjua mtu anayetazama dari.

"Sikufagia," Shaame akasema hatimaye. "Gari la harusi lilikuwa linanisubiri."

Bi Ghanima alipeleka kidole juu ya kitufe. Mguso mmoja tu na hesabu ingesimama, ianzishwe upya, safari hii bila Mvivu, kama alivyoamuru. Na ilikuwa haki yake. Atawaambiaje watu kuwa ameona balaa, wakati balaa lenyewe limeingia kwa sababu kijana alikuwa na haraka ya kupiga ngoma? Kidole kikakaa pale. Akageuka dirishani. Bahari ya kweli ilikuwa imetulia tuli, na alijua kuwa katika umri wake wote hajaiona Makoche bila wimbi kwa siku nyingi namna ile. Akaondoa kidole.

"Iacheni iishe," alisema.

Ikaisha. Na siku ambazo wekundu ulikaa ghubani zilikuwa zile zile za sherehe ya chaza.

Sherehe hiyo ilikuwa ya kina mama wa Makoche, wafugaji wa chaza, kikundi cha Bi Mgeni. Mara moja kwa mwaka walivuna, wakapika sufuria kwa sufuria, wageni wakaja toka miji ya mbali, watoto wakala mpaka wakalala palepale walipokaa. Bi Ghanima akaamua kwa hofu na kwa utaratibu. Wachote maji ya ghuba wayapeleke maabara ya mjini, na mpaka majibu yarudi mtu asifungue mdomo. Vijana walimwambia majibu hayatawahi sherehe. Alijua. Lakini kituo chao kilikuwa na heshima moja tu, nayo ni kwamba wakisema wamepima, wamepima. Kuwatisha watu kwa bahari ya kompyuta, tena kwa kiumbe kilichotakiwa kiwe kimefutwa, alikataa.

Basi huyo Tausi. Kazi yake kituoni ilikuwa kusoma anachosema Bahari Ndogo na kukipeleka kwa watu kwa lugha ya watu. Kina mama wa chaza walimjua tangu anatambaa. Usingizi ukamkataa, chakula kikamkataa, na mkesha wa sherehe akajifunga kanga yake vizuri akaenda kwa Bi Mgeni, akamkuta kazungukwa na vikapu, mikono imejaa chumvi. Tausi akamwambia chaza wasiliwe, wana sumu, na hata ukiwapika haitoki.

Bi Mgeni akamtazama. "Maji yamepimwa?"

"Yamepimwa," alisema Tausi.

Hayakuwa yamepimwa. Bado yalikuwa kwenye chupa njiani.

Sherehe ikafanyika bila chaza. Kina mama, kwa uchungu, walipika maharage. Wageni walinuna, na mmoja aliyetoka mbali alisema maharage hata kwake yapo. Kabla jua halijazama Tausi alikuwa ameshatungiwa wimbo, unachezwa na makofi, kibwagizo chake ni maharage matupu. Mama yake mzazi alimwambia amemtia aibu ya karne. Naye Bi Ghanima alipopata habari hakumgombeza, alimwambia tu arudi nyumbani akapumzike, na kwa waliomjua Bi Ghanima hilo lilikuwa baya zaidi.

Kisha bahari ikabadilika rangi. Ikawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na hapakuwa na haja ya kompyuta kuiona. Sharubu, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, aliiba chaza wawili kwenye kikapu kilichotelekezwa. Jioni miguu yake ya nyuma ilimkataa. Alijiburura kwenye baraza akitazama watu kana kwamba wao ndio waliomfanyia, akalazwa kwenye kanga ya Tausi, akanyweshwa maji kwa kijiko. Alipona. Mpaka leo ukimwonyesha gamba la chaza anapanda paani. Majibu ya maabara yaliporudi yalisema sumu, tena nyingi. Bi Mgeni alipoambiwa aliwaita wajukuu zake mmoja mmoja akawahesabu, maana wao ndio huwa wa kwanza kupakuliwa.

Wimbo wa maharage ulibadilishwa maneno siku hiyo hiyo, na Tausi akaitwa arudi kazini. Sifa zikamiminika kituoni.

Na hapo sasa ndipo meli ilipokuja.

Ilikuwa meli kubwa ya utafiti, inakwenda kina kirefu kuyafuata maji mekundu, kumwona Mvivu wa kweli akiwa hai, alikotoka na anakokwenda. Wakubwa wa meli walipiga simu kituoni. Wana kitanda kimoja. Wamesikia kuwa Makoche waliijua shari kabla haijafika, na wanataka kumchukua yule ambaye kituo kinamshukuru kwa jambo hilo. Mmoja tu. Mkuu wa kituo ataje jina siku ya Ijumaa, kabla hawajang'oa nanga adhuhuri. Lisipotajwa, kitanda kitapewa watu wengine.

Bi Ghanima alipoitua simu, vijana watatu walikuwa mlangoni wamesikia kila kitu.

Raya akasema ni yeye. Shaame akasema ni yeye. Tausi hakusema ni yeye, lakini alianza kufua nguo zake zote. Kesho yake maneno yakawa makali. Keshokutwa yake Raya akaja na chakula chake kwenye hotpoti, akala dirishani. Shaame akaja na chapati kwenye gazeti, akala kwenye ngazi. Tausi akala chumba cha kompyuta, mahali palipokatazwa kulia. Bi Ghanima akabaki barazani peke yake na sinia la wali wa watu wanne, akila upande wake, hagusi pande za wenzake. Sharubu ndiye aliyenenepa wiki hiyo. Mkuu wetu aliumia kuliko alivyotarajia. Alijua kuwa kosa moja la ulimi wake Ijumaa, na sinia lile halitakaliwa tena.

Ijumaa asubuhi akawaketisha barazani, akaiweka simu katikati, pale linapokaa sinia.

"Kila mmoja aseme haki yake," aliwaambia, "na kila mmoja aseme kosa lake kwa mdomo wake. La mwenzio usiliguse."

Raya akaanza. "Mvivu ni wangu. Nisingemwalika, Shaame angeacha kumfagia nani? Tausi angewaonya watu kuhusu nini? Nimempa tabia zote, na uso wake siujui. Nataka nimwone chini ya darubini ya ile meli nijue kama tabia hizo ndizo zake kweli. Kosa langu ni kwamba nilimchoka. Mimi ndiye wa kwanza kusema afutwe."

Shaame akafuata. "Mvivu alifukuzwa na nyumba nzima. Mimi peke yangu ndiye niliyeacha mlango wazi. Mngekuwa na kijana mtiifu kwenye zamu ile, leo Makoche wanasoma hitima. Kosa langu ni kwamba sikujua nafanya nini. Nilikuwa nakwenda harusini. Na ufagio niliuhamisha kwa mkono wangu, kwa hiyo niliwadanganya bila kufungua mdomo."

Bi Ghanima akamuuliza, na huko melini anataka nini. Shaame akafikiri. Akasema mawimbi ya Bahari Ndogo ameyatengeneza yeye na hajui kama ya kweli yanasukuma namna hiyo hiyo, na isitoshe, meli haina gari la harusi linalopiga honi nje. Raya nusura acheke, akajizuia.

Tausi akasema la mwisho, kwa sauti ndogo. "Mvivu angechanua kwenye kioo cha kompyuta mpaka leo na watu wakafa hawana habari. Kiumbe kilikuwa cha Raya, mlango ulikuwa wa Shaame, lakini miguu iliyokwenda kwa Bi Mgeni ni hii. Kosa langu nililijua nikiwa nalifanya. Nilisema tumepima. Siku tutakayopima kweli, nikienda kumwambia, atanitazama vile vile alivyonitazama. Na kama ningekuwa nimekosea, ningekuwa mwongo aliyewanyima watu karamu yao, basi."

Kila mmoja kasema kweli, na Bi Ghanima hakusaidika hata kidogo. Haki zilikuwa tatu, makosa yalikuwa matatu, kitanda kilikuwa kimoja. Akavua miwani, akaivaa.

"Kama si wewe," akauliza, "nani?"

Raya akavuta uzi kwenye ncha ya mtandio wake. "Tausi," akasema. Tausi akamtazama kwa mshangao, machozi yakamlenga, akasema, "Raya." Hapo wale wawili wakawa hawawezi kutazamana, kwa aibu ya wiki nzima.

Shaame akacheka kidogo. "Mimi hakuna aliyenitaja, na sishangai. Basi na mimi simtaji hata mmoja wenu." Akamgeukia mkuu wake. "Wewe, Bi Ghanima."

"Acha mzaha."

"Sina mzaha. Ulikuwa na kidole juu ya kitufe, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuwa naomba ubonyeze, kosa langu lifutike. Ungebonyeza, Raya hana kiumbe, mimi sina mlango, Tausi hana la kupeleka. Hukubonyeza."

Bi Ghanima alimjibu upesi, kama mtu anayesukuma sahani aliyoletewa. "Ufagio niliuweka mimi. Mvivu nilisema afutwe. Na niliwaambia mnyamaze mpaka majibu yarudi. Tausi angenisikiliza, Bi Mgeni angewazika wajukuu. Hilo nalo nalisema kwa mdomo wangu."

"Umesema kosa lako," alisema Shaame. "Na sisi tumesema yetu. Ndivyo ulivyotaka."

Moyo wa Bi Ghanima ulikuwa unadunda kama wa msichana, na aliuonea haya. Alikumbuka gati, alikumbuka mkono unaopunga, alikumbuka vitunguu. Akijitaja, watasema hakimu kaila nyama iliyoletwa mbele yake aigawe. Akimtaja mmoja wa watatu, wawili watarudi kwenye hotpoti zao. Na akijitaja, ilimjia pia, huenda wote watatu wakarudi kwenye sinia kwa kuwa hakuna aliyemshinda mwenzake. Lakini hakuweza kujua kama hilo ni wazo la busara au ni tamaa iliyovaa nguo za busara. Umri wote huo wa kukisia bahari, na moyo wake mwenyewe ulimshinda kuusoma.

Raya ndiye aliyemuuliza, polepole, akimtazama usoni. "Mama, unataka?"

Tangu meli ile ya kwanza, miaka yote, hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Ghanima swali hilo.

"Nataka," alisema.

Nje, upepo wa Makoche ulikuwa umeanza kurudi, unapeperusha nguo za Tausi kwenye kamba. Simu ikalia. Bi Ghanima akaiweka sikioni, na sauti toka melini ikamsalimu kwa heshima, ikasema nanga inang'olewa, watajiwe jina. Akawatazama mmoja mmoja. Akafungua mdomo, akalitaja.

Jina nalijua, na sitawaambia. Meli iliondoka na mtu wa Makoche ndani yake, hilo ni hakika. Na mchana ule ule, ngazi zikiwa tupu na dirisha likiwa tupu, sinia lililetwa barazani likawekwa katikati, na watu watatu waliobaki wakanawa mikono wakakaa. Walibaki watatu, kwa sababu vyovyote vile wangebaki watatu.

Haya, mlionisikiliza, zamu yenu. Yupo aliyemwalika Mvivu kisha akamchoka. Yupo aliyemwachia mlango huku akikimbilia ngoma. Yupo aliyewaokoa watu kwa uongo. Na yupo aliyeleta ufagio, akaamuru kimya, na bado akaondoa kidole. Mimi nimemaliza, semeni nyie, na msinijibu wote kwa pamoja: katika hao wanne, nani alistahili asiwepo kwenye sinia la siku ile?